Sura ya Askari Mzee na Jina Lake

Mtu atokaye bandarini Dar es Salaam kwenda Kariakoo hupita kati ya kumbukumbu mbili za vita moja. Ya kwanza ni sanamu ya shaba ya askari, iliyosimama penye njia panda ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Ya pili si sanamu wala jiwe: ni jina la mtaa, Kariakoo lenyewe. Kati ya hizo mbili uko uwanja wa Mnazi Mmoja, na mwendo wake kwa miguu hauzidi nusu saa.

Kumbukumbu hizi zina upungufu mmoja, kila moja kwa namna yake. Askari amepewa sura, lakini hakupewa jina. Mchukuzi wa mizigo amepewa jina, nalo ni la kundi zima wala si lake, lakini hapa Dar es Salaam hakupewa sanamu yake mwenyewe. Katika makala haya nitaeleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, kisha nitauliza yatupasa nini sisi waalimu tunapomchora askari mzee, au tunapomwagiza mwanafunzi amchore.

I. Maneno matatu

Yafaa tuanze na maneno, maana mara nyingi neno huhifadhi habari ambayo watu wameisahau.

Neno "askari" ni la asili ya Kiarabu, nalo lilikuwa katika Kiswahili kabla ya utawala wa Wazungu. Wajerumani walipounda jeshi lao la Afrika ya Mashariki walilichukua hivyo hivyo, na Waingereza vilevile, hata leo laonekana katika vitabu vya Kijerumani na vya Kiingereza bila kutafsiriwa.

Neno la pili ni "keya". Hili lilitoka katika herufi tatu, K.A.R., za jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles. Watu walizisikia herufi wakazifanya neno, wakasema "askari wa keya", kama kwamba Keya ni mahali au ukoo.

Neno la tatu ndilo Kariakoo. Waingereza walikuwa na jeshi la wachukuzi, kwa jina lao Carrier Corps, lililoundwa mwaka wa 1914 chini ya Oscar Watkins. Neno la pili katika jina hilo huandikwa na herufi nyingi, lakini likitamkwa hubaki "ko" ndefu tu. Sikio la Mswahili likalipokea kwa urahisi, maana "koo" ni neno alilokwisha kulijua, ingawa maana yake ni nyingine kabisa. Jijini Nairobi jina hilohilo lilifuata njia yake likawa Kariokor, nako pia ni mtaa na soko. Basi miji miwili mikubwa ya Afrika ya Mashariki yaitaja kambi ya wachukuzi kila siku, katika kupanga bei za vitenge na katika kumwambia dereva mahali pa kushuka, na walio wengi hawajui kwamba wanaitaja.

Hata majina ya barabara za Kariakoo yana habari. Mtaa wa Narung'ombe, Mtaa wa Tandamuti na Mtaa wa Mahiwa yana majina ya mahali pa kusini palipopiganwa mwaka wa 1917: Narung'ombe upande wa Kilwa mwezi wa Julai, Tandamuti karibu na Lindi mwezi wa Agosti, na Mahiwa mwezi wa Oktoba. Pale Mahiwa watu walipigana siku nne, tangu tarehe 15 hata 18, na upande wa Waingereza peke yake walipungukiwa na watu zaidi ya 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Mwalimu afundishaye historia katika shule ya Kariakoo hana haja ya kutafuta ramani mbali. Na awatoe watoto nje wasome vibao.

II. Wachukuzi

Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko mahali pale kabla ya vita. Waingereza walipoutwaa mji tarehe 4 Septemba 1916, mahali hapo pakafanywa kambi ya wachukuzi. Baada ya vita pakarudi kuwa soko. Jengo la soko linalojulikana leo lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka wa 1975, nalo liliungua kwa moto mkubwa mwezi wa Julai mwaka wa 2021.

Kwa nini vita vile vilihitaji wachukuzi wengi? Katika nchi nzima palikuwa na reli mbili tu, moja itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma, na nyingine itokayo Tanga kwenda Moshi. Mbali na reli hizo, ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, na magari yalizama katika matope ya masika. Kwa hiyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda kichwani mwa mtu. Na mchukuzi naye hula. Kwa hiyo kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo walivyotakiwa wachukuzi wengine wa kuwabebea chakula wachukuzi wa kwanza.

Wanahistoria wakadiria kwamba waliochukuliwa na Waingereza kwa kazi hiyo muda wote wa vita walikaribia watu milioni moja, nao waliokufa walikuwa kama 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, chakula wasichokizoea, na baridi ya usiku kwa mtu asiye na blanketi. Wajerumani nao waliwashika watu vijijini kwa makumi ya maelfu. Wahenga walisema kwamba vita havina macho. Lakini katika vita hivi mchukuzi ndiye aliyeonekana kwanza ulipotafutwa mgongo wa kubeba, na ndiye aliyesahauliwa kwanza ilipofika siku ya kuandika.

III. Masanamu

Sanamu ya askari iliyoko leo si ya kwanza kusimama mjini. Mwaka wa 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Wissmann alisimama juu; chini yake aliwekwa askari Mwafrika, naye aliinua uso kumtazama bwana wake, huku akimfunika simba aliyeuawa kwa bendera ya Wajerumani. Waingereza waliiondoa sanamu hiyo baada ya kuuteka mji. Baadaye ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu mwaka wa 1922, hata wanafunzi wakaiangusha mwaka wa 1967, na tena mwaka wa 1968.

Mwaka wa 1927 Waingereza walisimamisha sanamu yao, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Hapa pana badiliko ambalo yapasa tulikiri: askari hatazami tena juu kwa bwana wake. Yeye mwenyewe ndiye aliye juu, peke yake, naye atazama mbele. Maandishi yaliyo chini yake ni kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Nairobi, mwaka wa 1928, zilisimamishwa sanamu tatu pamoja, na mmoja wa watatu hao ni mchukuzi. Mombasa nako kuna sanamu za namna hiyo.

Lakini nenda ukasome maandishi yote matatu, kisha uulize: huyu ni nani? Hutajibiwa. Sura yake ni ya mtu. Ana pua, midomo na mkunjo wa uso kama mtu aliyezaliwa na mama. Lakini hakuna aliyeandikwa kwamba ndiye. Ni askari tu. Amefanywa kuwa wote, na kwa hiyo si yeyote.

IV. Kwa nini majina hayakuandikwa

Mtu aweza kudhani kwamba majina hayakuandikwa kwa kuwa watu walikuwa wengi mno. Sivyo. Mwaka wa 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina, ama juu ya kaburi lake ama juu ya ukuta wa kumbukumbu, bila kutofautisha cheo, taifa wala dini. Huko Ufaransa na Ubelgiji walijenga kuta zenye makumi ya maelfu ya majina, na mwenye kufiwa aweza kuligusa jina la babu yake kwa kidole. Basi wingi haukuwa kizuizi.

Katika Afrika ya Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa Waafrika. Badala ya majina yalitolewa masanamu. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ya uchunguzi ikakiri jambo hilo. Taarifa ilisema kwamba watu wapatao 45,000 hata 54,000, Waasia na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na tangu wakati huo kazi ya kutafuta majina katika daftari za zamani imeanza.

Kwa mila zetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kwetu mtu haulizwi jina lake tu. Huulizwa yeye ni mwana wa nani, na wa wapi. Jina la Mswahili huchukua jina la baba kwa neno "bin" au "binti", na huko bara ukoo hutajwa kabla ya salamu kwisha. Marehemu huombewa kwa jina lake, na mjukuu hupewa jina la babu ili lisipotee nyumbani. Basi kumwekea mtu sanamu nzuri pasipo jina ni kama kumwandalia mgeni karamu bila kumwuliza atokako.

Tena si kweli kwamba katika nchi hii haiwezekani kufanya vingine. Huko Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, wamo manduna wa Wangoni katika masanamu, nao wametajwa kwa majina yao. Waliuawa na serikali iliyotaka wasahauliwe. Kumbe wanajulikana kuliko askari waliowashinda.

V. Mtu mmoja mwenye jina

Ili ionekane tofauti iliyopo kati ya sanamu na mtu, nitamtaja askari mmoja ambaye habari zake zimeandikwa.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904. Baba yake alikuwa Msudani, mwenye cheo katika jeshi la Wajerumani. Vita vilipoanza mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi, akatiwa jeshini pamoja na baba yake. Mwezi wa Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi ya utumishi katika meli, na mwaka wa 1929 akafika Berlin. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alidai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa tangu vita, akakataliwa. Aliomba nishani ya waliopigana, akakataliwa. Alifanya kazi ya kuhudumia meza, akacheza katika filamu, na, jambo litupasalo sisi wapenzi wa lugha, akawasaidia wanafunzi wa Berlin kujifunza Kiswahili.

Mwaka wa 1941 serikali ya Hitler ilimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, ikampeleka katika kambi ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka wa 2007 kijiwe chenye jina lake kilitiwa katika njia ya miguu mbele ya nyumba aliyokaa Berlin, na mwaka huohuo Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu cha maisha yake.

Huyo ndiye askari. Ukilijua jina lake wajua pia baba yake, jeraha lake, deni alilodai na mahali alipokufa. Na apitaye leo katika Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, apita juu ya jina la mahali alipomwaga damu mtoto wa mji huohuo.

VI. Kumchora mzee

Sasa nakuja kwenye kazi ya mkono. Katika namna zote za kuchora uso, pasteli yafaa sana kwa mzee. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikamanishwa kwa gundi kidogo na kufanywa vijiti, mfano wa chaki. Haihitaji maji wala mafuta. Mchoraji aweza kuanza mara mzee aketipo. Karatasi yake iwe na ukwaruzo ili iushike unga, na rangi yake isiwe nyeupe, bali ya udongo au ya majivu, ili mwanga na kivuli vyote viwili vipate nafasi.

Mwanafunzi asiyefundishwa huchukua kijiti cheusi akajaza uso wote. Hilo ni kosa. Ngozi ya mzee wetu ina hudhurungi, ina wekundu wa udongo wa tanuri, ina zambarau chini ya macho, na penye paji la uso ambapo mwanga huangukia ina manjano hafifu, hata buluu kidogo ikiwa mlango u wazi. Mikunjo isichorwe kama mistari ya ramani. Ni mabonde yenye upande wa mwanga na upande wa kivuli. Mwisho picha iwekwe nyuma ya kioo, maana unga wake hufutika kwa kidole.

Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba kazi hii huchukua saa mbili tatu, na katika saa hizo mzee husema. Nimepata kuona wanafunzi wakimchora mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Alikaa kimya mpaka masikio yalipokuwa yakichorwa, kisha akaanza kutaja wenzake mmoja mmoja na vijiji vyao. Picha ilipokwisha hakuuliza kama imefanana naye. Aliuliza, "Mmeandika jina la baba yangu?"

Mchoraji Mwingereza Eric Kennington alilijua jambo hili. Mwaka wa 1921 alikwenda Uarabuni kuwachora kwa pasteli watu waliopigana pamoja na T. E. Lawrence, na picha zake zikatiwa katika kitabu cha Lawrence mwaka wa 1926. Waarabu hao wametajwa kwa majina yao. Huo ulikuwa mwaka mmoja tu kabla ya sanamu ya Dar es Salaam kusimamishwa. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba desturi ya siku zile haikuruhusu. Vita vilikuwa ni vilevile, na wenye kuagiza kazi zote mbili walikuwa watu wa nchi moja. Ila mmoja aliketi mbele ya mtu akamwuliza jina.

Namtaja na Walter von Ruckteschell, mchoraji Mjerumani aliyekuwa ofisa chini ya Lettow-Vorbeck. Yeye aliishi na askari na wachukuzi miaka ya vita, akawachora, na katika miaka ya 1930 akatengeneza picha kubwa za udongo wa kuchoma zilizowekwa penye kambi ya jeshi huko Jenfeld, Hamburg. Wamo askari, wamo na wachukuzi wenye mizigo. Mkono wake ni wa fundi. Lakini watu wale wametengenezwa ili waonekane waaminifu kwa bwana wao, na mtu aliyechorwa kwa kusudi hilo hawezi kusema neno lake mwenyewe.

Na hapa yapasa kuonya. Tusimchore askari kuwa malaika. Askari wa Wajerumani ndio waliochoma vijiji na mashamba wakati wa Majimaji, mwaka wa 1905 hata 1907, ikaja njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki. Katika Vita Kuu askari ndiye aliyemfunga mchukuzi kamba. Jina halimsafishi mtu, lamfanya aulizwe. Sanamu isiyo na jina haiwezi kusifiwa kwa haki wala kulaumiwa kwa haki.

VII. Yatupasayo

Husimuliwa vitabuni kwamba mwaka wa 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipotaka kuwalipa askari wake wa zamani, wazee mamia walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na hati. Mlipaji akampa kila mmoja fagio badala ya bunduki, akatoa amri kwa Kijerumani. Na hapana aliyekosea. Watu huisimulia habari hii wakicheka. Mimi naona huzuni ndani yake. Ikiwa ilikuwa hivyo, basi baada ya miaka arobaini na sita mzee hakuweza kujulikana kwa jina lake wala kwa neno la kinywa chake, ila kwa namna mwili wake ulivyokumbuka amri.

Askari wa vita vile vya kwanza hayuko tena hata mmoja. Wa vita vya pili, waliokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma, wamekwisha karibu wote. Lakini waliopigana Kagera mwaka wa 1978 na 1979 wangali wako mitaani mwetu, na wengi wao sasa ni wazee. Wako Ilala, wako Gerezani, wako nyuma ya maduka ya Kariakoo wakilinda milango ya watu usiku.

Basi, waalimu wenzangu, mwanafunzi akimchora mmoja wao, na asiione kazi imekwisha mpaka nyuma ya karatasi ameandika mambo haya: jina la mzee na la baba yake, kijiji alichotoka, kikosi chake, na mwaka alioingia na aliotoka, mahali alipopigana, na majina ya wenzake wasiorudi, kama yeye mwenyewe atakavyoyataja. Aandike kwa wino, si kwa penseli. Kisha amsomee mzee yote aliyoandika, mzee asahihishe, ndipo picha itiwe katika kioo.